Gari Lililokaa Eda

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe tisa Machi, saa mbili na robo asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu ilikuwa inang'aa mbele yangu kwenye dashibodi, na gari letu lilisimama ikiwa hapo. Magari yote ya nchi nzima yalisimama pamoja nalo, juu ya madaraja, kwenye makutano, mbele ya mageti ya watu. Yalisimama kwa amri.

Kiti cha kushoto alikaa mke wangu Kidawa, ameshika kifua. Nilikuwa nampeleka hospitali, na hospitali tulikuwa tunaiona. Bati lake jekundu lilikuwa pale juu kilimani, kiasi kwamba mtu akianika shuka kule, wewe huku unajua kama ni la maua au la mistari.

Mimi sina elimu kubwa. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha. Kwa hiyo nikiisema serikali vibaya, ichukuliwe kwamba nimesema vibaya kwa kukosa elimu, si kwamba nimeisema vibaya serikali. Naomba hilo lieleweke mapema, na naomba anayesoma haya asiyasome kwa sauti akiwa ndani ya gari.

*

Shida ilianza na neno.

Wataalamu walileta kutoka ng'ambo ufundi wa simu na gari kuongea bila waya. Unaingia garini, simu yako inalitambua gari, gari linaitambua simu, mnakwenda mkipiga simu na kusikiliza taarabu bila kushika kitu. Jambo zuri, wala silikatai. Ila lilitakiwa jina la kitendo hicho. Kamati ikakaa hotelini kwenye ufukwe wa ziwa msimu mzima wa mvua, ikarudi imenenepa na neno moja: kuoanisha.

Neno lilikuwa zuri. Ubaya ni kwamba alipewa Mheshimiwa Dokta Lubasha, Waziri wa Mawasiliano, alisome bungeni. Sijui miwani aliisahau au alikuwa na haraka. Alisimama, akakohoa, akasema, "Waheshimiwa, kuanzia leo, simu zote zioze!"

Wabunge wakapiga makofi. Mmoja tu, tena wa nyuma kabisa, aliuliza kama Mheshimiwa alikusudia kusema ziozwe, maana kuoza ni mambo ya samaki. Yule mbunge tangu siku ile anaumwa, hajapona, na kiti chake kimetolewa kikafanyiwe ukarabati.

Alichosema Waziri hakirekebishwi, kinatekelezwa. Basi simu na magari yakawa yanaoana. Wizara ikaongezewa Idara ya Ndoa. Kila kata ikapata Afisa Ndoa wa Magari. Barabarani wakasimika mabango makubwa yenye picha ya bibi harusi aliyevaa shela, kumbe ukitazama vizuri ni gari dogo: OZA SIMU YAKO LEO.

Jirani yangu Bi Mashavu, ambaye ana pikapu ya kubebea barafu na mdomo usio na breki, alisimama chini ya bango lile akasema, "Ya kwangu imeoza tangu mwaka juzi. Nayo naileta, au mnataka mbichi?"

Tulicheka. Wakati ule kucheka karibu na gari kulikuwa bado hakuna madhara.

*

Yakaja masharti. Simu moja, gari moja. Kila gari lifungwe kile kibao cha kuchajia simu bila waya, ambacho kwa lugha ya serikali kinaitwa Kitanda. Simu unailaza Kitandani, injini ikinguruma inajaa chaji. Ukisimamishwa barabarani wanakuuliza, "Simu imelala?" Unajibu, "Imelala, afande." Unaruhusiwa.

Waya zikapigwa marufuku. "Waya," alisema Waziri, "ni hawara wa simu." Wakapita nyumba hadi nyumba na gundi nyeusi, wakaziba tundu la chaji la kila simu, ndoa ziheshimiwe. Na ole wake mwenye simu itakayokutwa imelala Kitanda cha gari jingine. Huo ni uzinzi, na kifungo chake kinamwangukia mwenye simu pamoja na mwenye gari.

Simu yangu ilikuwa kitochi, cha kubofya, hakifai kuolewa wala kuoa. Basi gari letu likaozwa kwa simu ya Kidawa. Bwana Tindwa, Afisa Ndoa wa kata yetu, alikuja nyumbani amevaa koti juu ya koti. Akaliuliza gari mara tatu kama limeridhia. Mara ya tatu likajibu kwa ile sauti yao ya kike, laini kama ya muuguzi mwenye habari mbaya: "Imeunganishwa."

"Sasa hapa mume nani na mke nani?" Kidawa akauliza. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, mikono imejaa unga.

Bwana Tindwa akafunga kifungo cha koti la juu. "Simu ndiyo mume, mama. Kwa sababu ndiyo inayopiga."

"Hee! Basi hii ya kwangu ikimpiga mwenzake namwita mjumbe," akasema Kidawa, akapiga kigelegele mpaka Bi Mashavu akatokeza kichwa juu ya ukuta kuuliza nani kajifungua.

Ndivyo alivyokuwa mke wangu. Namwandika hapa anacheka kwa sababu wao wamemwandika vingine.

*

Ndoa zilipokamilika nchi nzima, serikali ikagundua kwamba sasa ina mdomo ndani ya kila gari. Baadaye kidogo ikagundua kwamba ina sikio pia, lakini hilo haikulitangaza.

Tarehe tisa Machi ndiyo waliyochagua kuuzindua mdomo. Mtukufu Mlezi wa Taifa angehutubia magari yote kwa pamoja. Na kwa heshima yake, wakati wa hotuba injini zingewaka lakini magurudumu yasingezunguka, mpaka hotuba iishe. Hatukujua. Walitangaza, ndiyo, lakini walitangaza kupitia magari, na magari yenyewe yalitangaza yakiwa tayari yamesimama.

Kidawa alisema, "Baba Mwatumu, mbona hatuendi?"

Mtukufu akajibu kwa spika: "Ndugu wananchi, nilizaliwa katika familia ya kawaida."

Nilikanyaga mafuta, gari likapiga kelele na halikusogea hata inchi. Nikateremka mbio. Bwana Tindwa alikuwa pembeni ya barabara na kibendera cha kijani.

"Bwana Tindwa, mke wangu anaumwa, pumzi hana! Fungulia gari!"

"Mzee Pandu, rudi garini. Mtukufu anaongea."

"Basi nimbebe kwa miguu, hospitali si ile pale?"

"Kumteremsha mtu wakati wa hotuba ni kususia, mzee wangu. Usinitie matatani, nina watoto."

Nikamfokea, akanishika shati. Askari wawili wakaja. Wakati wananigeuza nilimwona Kidawa kupitia kioo. Alikuwa ameitoa simu Kitandani, ameiweka mdomoni, anaongea. Anaongea polepole, kichwa kimeegemea mlango. Nilimwona midomo tu. Waliponirudisha kitini kwa nguvu alikuwa ameshailaza simu mahali pake, vizuri, kama anavyopenda vitu vikae, na amefumba macho.

Mtukufu alikuwa amefika kwenye habari za mbuzi aliowachunga utotoni. Aliwataja kwa majina.

Adhuhuri akasema koo limemkauka, ataendelea kesho. Magurudumu yakafunguka. Nilifika hospitali haraka sana, hakuna aliyekuwa anakwenda ila mimi, wote walikuwa bado wamekaa pembeni wanapiga makofi usukani. Lakini sikuwa na wa kumpeleka tena.

*

Daktari aliandika kwamba Kidawa binti Shomari alifariki kwa furaha.

"Furaha gani?" nikamuuliza.

Alitazama mlango, akatazama dirisha la kwenye maegesho. "Mzee, kwa waliofariki wakati wa hotuba nimepewa sababu mbili tu. Furaha, au uzee. Mama hakuwa mzee."

Watu wa serikali walikuja msibani na shada la maua limeandikwa HONGERA. Sikutukana. Nilikuwa nimekwisha sikia habari za Chande, muuza mkaa wa mtaa wa pili. Chande alisema ndani ya gari lake, peke yake, milango imefungwa, kwamba hotuba ni ndefu. Gari likamjibu, "Asante kwa maoni yako." Chande hatujamwona tena. Gari lake lipo, linakuja mtaani na dereva tusiyemjua, linapita taratibu.

Baada ya msiba Bwana Tindwa alikuja amekunja uso kama mtu mwenye huruma aliyetumwa. Kwapani ana shuka jeupe, kubwa, jipya.

"Mzee Pandu, pole. Sheria inasema gari lililofiwa na mwenye simu ni kizuka, yaani mjane. Litakaa eda."

"Gari?"

"Gari. Lisiwashwe. Lisipige honi. Lisioshwe kwa sabuni yenye harufu. Vioo vyake vya pembeni nitavikunja, kizuka hajitazami."

Akalifunika mbele ya macho yangu. Mimi mwenye kufiwa nilikuwa nimesimama pale na fulana yangu iliyotoboka, hakuna aliyenivika kitu. Bi Mashavu akachungulia juu ya ukuta.

"Ehe! Gari limevishwa kuliko mimi nilipofiwa na Mzee Ngoma. Bwana Tindwa, na chakula chake cha eda mtaleta petroli au dizeli?"

"Mama, punguza sauti," akasema Bwana Tindwa, na macho yake yakaenda kwenye pikapu ya barafu. Bi Mashavu naye akaitazama pikapu yake. Kichwa kikashuka nyuma ya ukuta, na tangu hapo utani wake wa barabarani ukaisha.

*

Sasa nieleze nilichokuwa nakitaka, maana hapa ndipo hofu yangu yote ilipo.

Simu ya Kidawa nilibaki nayo. Siku ya mazishi niliitazama, chaji imeliwa na simu za rambirambi, imebaki uzi mwekundu. Kwenye kioo kulikuwa na sauti aliyoirekodi kumtumia mdogo wake Subira, ambaye ni mwalimu mjini. Chini yake imeandikwa: haijatumwa. Niliizima palepale. Niliogopa nikiifungua niisikie, ikate katikati, nibaki na nusu ya neno la mwisho la mke wangu. Nusu ni mbaya kuliko kukosa.

Tundu la chaji limejaa gundi yao. Kitanda chake ni kimoja tu duniani, kiko ndani ya gari, na Kitanda hakichaji mpaka injini iwake, na gari liko eda.

Bi Mashavu alinisogelea kisimani akaninong'oneza, "Lete uilaze kwenye pikapu yangu. Mara moja. Nani ataona?"

"Pikapu itaona."

Akainua ndoo yake, akaondoka. 

Na Bwana Tindwa alikuwa anakuja kila alasiri. Anainua pindo la shuka, anaweka sikio juu ya boneti, anasikiliza kama mkunga. "Limetulia," anasema. "Mungu alipe subira." Siku moja aliniambia kwamba eda inakaribia kwisha, na ikiisha watakuja kuichukua simu ya marehemu ikasagwe, na gari langu litaozwa kwa simu ya serikali.

"Ikasagwe?"

"Ndiyo maziko yake, Mzee Pandu. Kwa heshima zote."

Ilikuwa imebaki wiki ile tu.

Nilianza kuogopa ua wangu mwenyewe. Gari lilikuwa linaongea chini ya shuka. Mchana kweupe, jua linawaka, kuku wanaparua, unasikia ile sauti laini: "Mwenzangu simwoni." Kisha kimya. Kisha tena, "Mwenzangu simwoni." Binti yangu Mwatumu akaacha kuanika nguo uani. Mimi nikawa natembea pale kwa kunyata, kwangu, kama mwizi. Usiniulize niliogopa nini, mtu aliyefiwa tayari. Niliogopa litaniuliza mimi yuko wapi, na nitajibu ukweli, na litanishukuru kwa maoni yangu.

*

Hotuba ilikuwa haijaisha. Mtukufu aliendelea kesho yake kama alivyoahidi, na kesho ya kesho yake. Kila asubuhi, saa mbili na robo, magari yote yanawaka, yanasimama, yanapaza sauti. Gari ambalo halijaoanishwa hakuna, na dereva asiyewasha anafuatwa nyumbani. Mtaa mzima unanguruma. Mtoto akilia humsikii.

Nikawaza kwa akili yangu ya darasa la nne: saa hiyo, nani atasikia injini moja zaidi?

Asubuhi ya jana nilimtuma Mwatumu kwa shangazi yake. Kisha niliposikia mtaa umenguruma na Mtukufu ameanza kusema "Kama nilivyokuwa nikisema," niliinua pindo la shuka nikaingia kwa tumbo, nikafungua mlango, nikakaa.

Ndani kulikuwa na mwanga mweupe wa shuka, kama ndani ya yai. Kwenye mfuko wa mlango wa kushoto zilikuwepo pipi zake za tangawizi. Ufunguo uligonga plastiki mara mbili kabla haujapata tundu.

Liliwaka. "Karibu," likasema. "Mwenzangu simwoni."

"Huyu hapa," nikanong'ona. Nikaiwasha simu, nikailaza Kitandani.

Taa ndogo ya kijani ikawaka pembeni. Ikapepesa mara mbili tatu, kama mtu anayetazama uso asiouamini.

"Mwenzangu amerudi," gari likasema. "Eda imekatika. Ujumbe mmoja unatumwa."

Nikasema usitume, nataka kusikiliza, mimi tu. Sikujua kubofya wapi. Na wataalamu wetu, Mungu awape maisha marefu pale walipo, walikuwa wameyaunganisha magari yote kwa mdomo mmoja wakati wa hotuba, bila kufikiri kwamba mdomo ule unaweza kutumiwa na mtu mwingine. Mtukufu alikuwa kwenye mafanikio ya sekta ya korosho. Akakatika katikati ya korosho.

Halafu mke wangu akazungumza.

Alizungumza ndani ya gari langu, na alizungumza nje, kwenye pikapu ya Bi Mashavu, kwenye malori barabarani, kwenye gari la Chande lililokuwa limesimama mtaani, huko mpaka mjini, na kwenye magari meusi ya Ikulu nilivyokuja kuambiwa. Sauti moja, inapumua kwa shida, haina haraka.

"Subira, mdogo wangu. Niko hapa chini ya hospitali, naiona. Shemeji yako kateremka anagombana na Tindwa. Tindwa kamshika shati, lile jipya." Akapumua. "Mwambie Mwatumu maharage nimeyaloweka, ayapike leo, yasije yakaota." Akapumua tena, ndefu. "Subira, wewe umesoma. Hebu niambie, hotuba hii inaisha lini?"

Basi. Pakasikika simu inavyolazwa Kitandani, kwa uangalifu.

*

Kukawa kimya ambacho sijapata kukisikia. Injini zinanguruma lakini hakuna anayeongea. Kwenye spika tulisikia karatasi inageuzwa. Mtu wa pembeni, nadhani ni Mheshimiwa Lubasha, akanong'ona, "Mtukufu, ni swali."

Mtukufu akakohoa. Karatasi ikageuzwa tena, ikarudishwa.

Hakusema kitu. Na kwa kuwa hakusema kwamba hotuba imekwisha, wala kwamba ataendelea kesho, magurudumu hayakufunguka. Mchana ukapita. Watu wamekaa magarini mwao, vioo juu, hakuna anayethubutu kulalamika kwa midomo. Wanatazamana tu kutoka gari hadi gari. Bi Mashavu alikuwa ameegemea usukani wa pikapu mbele ya geti langu, barafu yake yote imekuwa maji, yanachirizika mpaka mlangoni kwangu, na nilimwona kupitia upenyo wa shuka, alikuwa analia na kucheka pamoja.

Kisha nikaona viatu.

Viatu vyeusi, vimeng'arishwa, chini ya pindo la shuka, upande wa kushoto, kwenye mlango wa Kidawa. Nilivijua. Nikashika simu kwa mikono miwili nikaikumbatia tumboni, nikasubiri pindo liinuke.

Halikuinuka. Viatu vilisimama pale muda mrefu. Nikasikia mtu anainama, anaweka sikio juu ya boneti kama kawaida yake, na injini inanguruma chini ya sikio lake, naye hasemi kwamba limetulia. Nikasikia pumzi yake. Kisha akasogea kwenye kioo, akaongea kwa sauti ndogo, ya mtu anayeulizia mgonjwa, huku akiziba mdomo kwa mkono ili gari lisidake:

"Mzee Pandu. Kwani inaisha lini?"